Vyeti vya Fancy na Foleni ya Majani

Chepkorir alianza kuchuma chai umande ukiwa bado mbichi, lakini kikapu chake hakikuwa kimefika hata nusu. Majani hayakukosekana. Yalikuwa tele, mengine yameanza kukomaa. Waliokosekana ni watu wa kuyachuma. Mumewe, Kimeli, alikuwa nyumbani akipigilia misumari ukutani. Binti yao, Fancy, alikuwa kwenye semina.

Semina tena! Chepkorir alikuwa amelichoka neno hilo.

Fancy alikuwa amemaliza sekondari na kupata gredi ya B. Tangu utotoni alitaka kitu kimoja tu: kuingia chuo cha kijeshi kule Lanet, atoke akiwa afisa. Lakini jeshi lina kikomo cha umri, na Fancy alikuwa anakikaribia. Kimeli aliipenda ndoto hiyo kuliko hata binti mwenyewe alivyoipenda. Shida ilianza siku mwanamume mmoja mwenye tai alipokuja kanisani. Aliwaambia wazazi kwamba jeshi linatafuta viongozi, na kwamba vijana wa mpango wake wa uongozi hupokewa kwanza. Kimeli aliyameza maneno hayo mazimamazima.

Tangu siku hiyo, Fancy alitoka semina hii akaingia ile. Kila aliporudi na cheti, baba yake alikitia kwenye fremu na kukitundika sebuleni. Tena aliweka masharti.

"Asikanyage kituo cha kupimia majani," Kimeli alisema. "Afisa wa kesho hawezi kusimama foleni na gunia mgongoni."

"Na kukimbia kwake kila asubuhi je?" Chepkorir aliuliza.

"Kukimbia ni ya watu wa medali. Afisa anakaa kwa ofisi, Mama Fancy. Wewe huelewi hii maneno."

Chepkorir alimeza hasira akarudi shambani.

Siku ya mchujo wa jeshi ikafika. Kimeli alimvalisha Fancy suti ya buluu na viatu vya visigino, akamkabidhi faili nene la vyeti. Kwa kuwa alikuwa na uhakika, alichinja kondoo na kualika kwaya ya kanisa ije jioni kushangilia.

Uwanjani, vijana wengine walikuwa wamevaa kaptula na raba. Filimbi ilipolia, Fancy alivua viatu, akapandisha sketi na kukimbia peku. Hakufika mbali. Pumzi ilimwishia, akaambiwa akae pembeni. Hakuna aliyeuliza kuhusu faili.

Jioni kwaya ilikula kondoo kimya kimya. Fancy alijifungia chumbani akalia. Chepkorir aliosha sufuria kwa kelele nyingi, ili mumewe asikie.

Wiki hiyo Chepkorir alikwenda mjini Longisa kununua dawa ya kupe. Duka lilikuwa la Nyathira, mama aliyewahi kuwa kapteni jeshini kabla ya kustaafu na kuanza biashara. Watu bado walimwita Kapteni. Chepkorir alisahau dawa, akamwaga yote yaliyokuwa moyoni.

"Nimechoka, Kapteni! Nikisema, naambiwa sielewi. Mtoto analia, majani yanaharibika, na mzee anapiga tu misumari."

Nyathira alisikiliza mpaka mwisho.

"Jumapili nitakuja," alisema. "Huyo mzee awe nyumbani."

Jumapili alikuja kweli. Chepkorir alimpa mursik, yale maziwa lala ya kibuyu. Kimeli alimwonyesha ukuta wake kwa fahari. Nyathira aligusa cheti kimoja na kumgeukia Fancy.

"Hii ulifanya nini ndio upewe?"

Fancy aliinamisha macho. "Tulikaa kwa ukumbi. Tukafundishwa maono."

"Na hii?"

"Pia tulikaa."

"Mpaka mwisho ni kukaa tu?"

"Tulipiga makofi pia," Fancy alisema kwa sauti ndogo.

Nyathira alivuta kiti. "Baba Fancy, nisikize vizuri. Mipango ya vijana si mbaya. Kama imempa mtoto kazi ya kufanya, kama imemfundisha kusimama mbele ya watu, itamsaidia akiulizwa maswali. Lakini cheti hakiwezi kuongeza gredi. Hakiwezi kukimbia. Hakiwezi kupimwa na daktari badala yake."

"Lakini yule mtu alisema wanapewa nafasi kwanza!"

"Alidanganya. Hakuna mpango wa kijijini unaowekewa nafasi jeshini. Ukitaka kujua kinachotakiwa, soma tangazo la jeshi lenyewe: umri, masomo, afya. Na kuomba ni bure. Yeyote anayekuuzia nafasi ni mwizi, mripoti polisi."

Kimeli alikohoa. "Sasa si wanataka kiongozi?"

"Wanataka. Watamuuliza: umewahi kuongoza watu wapi, na mambo yalipoharibika ulifanya nini? Fancy, utajibu nini?"

Kimeli alitazama ukuta kana kwamba fremu zingejibu. Hapo uvumilivu wa Chepkorir ukakatika.

"Si useme ile ya lori!" alifoka. "Kwani mmesahau wote?"

"Lori gani?" Nyathira aliuliza.

"Ni kitu ya kawaida tu, Mum," Fancy alisema.

"Sema!"

Fancy akasema. Kabla baba yake hajamkataza, alikuwa akipeleka majani kituoni kila jioni. Siku moja ya mvua, lori la kiwanda lilikwama kwenye matope bondeni. Wakulima walianza kusukumana na kutukanana, huku majani yakipata joto ndani ya magunia. Majani yakipata joto, karani wa mizani huyakataa. Fancy alipanda juu ya kreti ya soda. Aliwaambia wamwage majani yapoe, kila mtu na fungu lake. Akawatuma wenye nguvu wakate matawi ya kutia chini ya magurudumu. Aliamua akina bibi wapime kwanza, kwa sababu wanakaa mbali. Kijana mmoja, Arasa, alikataa kuwapisha, wakabishana mpaka akakubali. Majani yote yalipokelewa jioni hiyo.

"Na baada ya hiyo?" Nyathira aliuliza.

"Wakanichagua niwe napanga foleni. Mpaka Dad akasema niache."

Nyathira alimgeukia Kimeli.

"Mzee," alisema, "huyu mtoto alikuwa anaongoza watu kila jioni. Wewe ndio ulimtoa huko, ukampeleka kupiga makofi."

Kimeli aliupa ukuta wa vyeti mgongo. Chepkorir alikuwa na mengi ya kuongeza, lakini kwa mara ya kwanza aliona mumewe amesikia, akayaacha.

Kesho yake Fancy alirudi barabarani alfajiri, akakimbia akipanda na kushuka vilima. Jioni alirudi kwenye foleni yake. Alikwenda hospitali kupimwa mapema, jino lililokuwa likimsumbua likazibwa. Alijizoeza kueleza habari ya lori bila kuogopa, na Nyathira alimkatiza kwa maswali magumu. Cheti kimoja tu kilitoka ukutani kwenda naye: cha skauti wa shule, kwa sababu alikuwa ameongoza kikosi cha kupanda miti na angeweza kukieleza.

Mwaka uliofuata aliitwa tena. Alivaa raba. Alikimbia akamaliza, daktari akampitisha. Maafisa walipomuuliza ni lini aliwahi kuongoza watu wenye hasira, Fancy alicheka kidogo, kisha akaanza na matope ya bondeni.

Fancy alichukuliwa. Aliondoka kwenda Lanet na sanduku moja, na safari hii hakuna kondoo aliyechinjwa kabla ya habari kufika.

Jioni iliyofuata Chepkorir alifika kituoni akakuta fujo. Lori limechelewa, vijana wanasukumana, na kila mtu anauliza Fancy yuko wapi. Katikati yao, juu ya kreti ya soda, alisimama Kimeli. Sauti ilikuwa imemkauka. Hakuna aliyemsikiliza, na Arasa alimwambia ashuke.

Kimeli alishuka. Alikwenda nyuma kabisa ya foleni, akajitwika mgongoni gunia la bibi mmoja mzee, akalipeleka mpaka kwenye mizani. Akarudi kuchukua la bibi wa pili. Arasa alimtazama akipita, kisha naye akasogea kando kuwapisha akina bibi.

Hakuna aliyepiga makofi. Chepkorir aliweka kikapu chake chini akatafuta la kulalamikia, kama kawaida yake. Jioni hiyo hakulipata.