Wingu Ambalo Halikuandikwa

Kila Jumamosi asubuhi Siafu alifagia vyumba vyao viwili, akafua sare zake, akazianika, kisha akaenda uwanjani kucheza netiboli. Jina hilo alipewa na wenzake, kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo lakini akikasirika hashikiki. "Siafu, leo zamu ya nani kung'atwa?" walimtania, naye akawakimbiza uwanja mzima.

Jumamosi hiyo sare zilikuwa bado zinachuruzika maji kambani mama yake alipotoka na kofia pana mkononi.

"Leo huendi uwanjani. Tunakwenda wote karakana."

"Mama! Leo ni fainali!"

"Nimesikia. Kipimajoto kinachoandika chenyewe kimekufa, na msaidizi wangu yuko kitandani na homa. Nahitaji mtu wa kushika daftari."

"Kwani mimi ndiye msaidizi wako?"

"Leo ndiye. Na huo mdomo uuache hapa hapa nyumbani."

Siafu alivaa viatu bila kufunga kamba. Njia nzima alikuwa akipiga mawe teke.

Mama yake alikuwa mhandisi wa kamera. Yeye na wenzake walikuwa wametengeneza kamera ndogo, haizidi ukubwa wa mkate, ya kwenda angani ndani ya satelaiti. Kamera hiyo iliona miale ya infraredi, yaani miale ya joto ambayo jicho la mtu haliwezi kuiona. Ndani yake mlikuwa na vichujio vinne vya kioo, kila kimoja kikipitisha aina yake ya miale. Kwa hiyo, kutoka huko juu, ingeweza kutofautisha shamba lenye kiu na shamba lililoshiba maji, na kuuona moto wa msituni ungali mchanga. Ilitakiwa kusafirishwa Jumatatu.

Juu ya paa la karakana, kamera ilisimamishwa ikitazama vitu vinne: beseni la maji, sinia la mchanga, trei la nyasi mbichi, na bati lililopakwa rangi nyeusi.

"Kila dakika kumi unapima vyote vinne kwa kipimajoto hiki cha mkono, unaandika," mama alisema. "Sisi tuko chini, kwenye chumba cha giza, tunaandika kile kamera inachoona. Halafu tunalinganisha. Daftari lako ndilo litakaloniambia kama kamera inasema kweli. Umeelewa?"

"Nimeelewa," Siafu alijibu, macho pembeni.

Mara tatu alipima vizuri. Bati lilikuwa na nyuzi arubaini na tano, kisha arubaini na sita, kisha arubaini na saba. Ndipo filimbi ikalia kule uwanjani, ng'ambo ya barabara. Kutoka pale juu alimwona kila mchezaji. Nafasi yake alikuwa amepewa msichana ambaye mpira ukimfikia unamponyoka kama sabuni.

"Shika wewe! Shika!" Siafu alifoka peke yake juu ya paa. Aligeuza ndoo, akaikalia. Wingu zito lilikuja likaziba jua, akafurahia kivuli, akaendelea kutazama. Timu yake ikafungwa.

Alipokumbuka daftari, dakika arubaini zilikuwa zimepita na mistari minne ilikuwa mitupu.

"Si anataka namba? Namba hizi hapa," alisema kwa hasira. Akaandika: arubaini na nane, arubaini na tisa, hamsini, hamsini na moja. Maji, mchanga na nyasi navyo akavipandisha kidogo kidogo, kwa mwandiko mzuri kabisa. Mistari iliyobaki aliipima kweli, lakini kwa kununa.

Saa nane mchana, baada ya kupeleka daftari chini, alikuwa amekaa kwenye ngazi aliposikia makelele. Alisogea mlangoni. Mama yake alikuwa amesimama uso kwa uso na fundi mzee wa vioo, yule ambaye kila mtu alimwita Bwana Gundi kwa sababu kazi yake ilikuwa kubandika vichujio.

"Mzee, daftari linasema bati lilikuwa likizidi kupata moto, na kamera yako inasema lilipoa ghafla! Vioo vimelegea!"

"Vioo vinne vilegee dakika moja? Viliambiana?"

"Basi ni kioo cha mbele! Umefanya kazi kwa haraka, Mzee, sema tu!"

Bwana Gundi alivua koti lake jeupe, akalitupa mezani. "Nimebandika vioo tangu wewe hujajua kushika kalamu. Haya, ifungue! Choma gundi! Vikipasuka hakuna vingine, na mimi usiniite tena."

"Nitaifungua!" Kifaa cha kuyeyushia gundi kilikuwa kimeshawashwa. Mama alikiinua.

Siafu alirudi nyuma hatua moja kuelekea ngazini. Angeweza kuondoka. Hakuna aliyemwona. Lakini yule mzee alikuwa anatukanwa kwa kosa lisilo lake.

"Mama, usimfokee babu!" alipiga kelele. "Namba nimezitunga mimi!"

Mama aligeuka, kifaa kikiwa bado mkononi.

"Umesemaje?"

"Mistari minne. Nilikuwa naangalia mpira. Kulikuwa na wingu, sikuliandika. Wewe ndiye uliyenilazimisha kuja!" Machozi yalimtoka, ya hasira na ya aibu, hayakujulikana yapi ni yapi.

Mama aliweka kifaa chini polepole, akakizima. Aliitazama kamera, akamtazama binti yake, na sauti ilipotoka ilikuwa ndogo kuliko Siafu alivyotarajia, jambo lililomtisha zaidi.

"Nilikuwa nakwenda kuvunja kazi ya miaka mitatu. Nimemvunjia heshima mtu mzima. Kwa sababu ya mwandiko wako mzuri." Akamgeukia fundi. "Mzee, nimekukosea mbele ya mtoto, basi mbele ya mtoto naomba radhi."

"Nimesikia," alisema Bwana Gundi akiokota koti lake. "Ila hasira yangu ina miguu mizito, itachelewa kuondoka."

Kesho yake alfajiri mama alisali kwa muda mrefu, kisha akamwamsha Siafu. Walirudi karakana kurudia vipimo vyote. Siafu alisimama juu ya paa tangu saa tatu hadi saa nane, jua likimchoma shingo, akipima na kuandika. Kwenye mstari wa tano kipimajoto kilimponyoka kikatumbukia ndani ya beseni. Alipokikausha na kukirudisha kwenye bati, dakika zilikuwa zimeshapita. Kalamu ilisimama hewani. Alijua kabisa namba ambayo ingefaa hapo, na hakuna ambaye angegundua. Akaandika: *Sikuwahi. Kipimajoto kiliniponyoka.*

Alasiri Bwana Gundi alivaa miwani, akalaza daftari kando ya namba za kamera, akateremka nazo kwa kidole mstari mmoja mmoja. Zilipatana. Alipofika wa tano alisimama.

"Hapa?"

"Sikupima, babu," Siafu alisema, akisubiri kufokewa.

Mzee alivua miwani. "Jana mistari yote ilikuwa imejaa, na yote haikuwa na faida, maana nani ajue upi ni wa kweli? Leo kuna mmoja mtupu, na huu mtupu ndio unaonifanya niiamini mingine. Mtu akisema hili sikulifanya, tunajua pa kuanzia kulitengeneza. Akidanganya, tunavunja kizima tukitafuta kibovu. Umenisikia, Siafu?"

"Nimekusikia, babu."

"Haya, shika upande huo wa sanduku, tukaifunge kamera isafiri. Na ushike taratibu. Bado nimekukasirikia."