Tuliinyamazisha Kengele ya Gesi, Mama Ndiye Aliyeomba Msamaha

Nina miaka arobaini na miwili, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Masasi, mama wa mtoto mmoja, Neema. Naandika nikiwa na hasira, wala sitaki kuambiwa nitulie. Nimetulia vya kutosha, na utulivu wangu ndio ulionifikisha hapa!

Mume wangu, Baba Neema, ni mfanyabiashara wa korosho. Mwaka jana alinunua gari la matembezi lililotumiwa na wazungu fulani. Nyuma lina kitanda, jiko la gesi na mtungi wake. Msimu wa minada angelala humo, likizo tungetembea nalo. Majirani walikuja kulitazama kama wanatazama bibi harusi.

Chini kabisa, karibu na sakafu, palikuwa na kidude cheupe. Kengele ya gesi. Siku ya kwanza kililia nilipojipulizia manukato, tukacheka. Baadaye kikalia tena... na tena... hata jiko limezimwa! Nilikuwa nasahihisha madaftari humo, uvumilivu ukanishinda. Ndiyo, mimi! Nikamwambia, "Baba Neema, kiondoe kidude chako, kinanitoboa masikio."

Akamleta rafiki yake, fundi wa mtaa wa Lisekese. Yule fundi hakunusa wala hakukagua kitu. Alisema gesi hupanda juu kama moshi, kwa hiyo wazungu walikiweka mahali pabaya. Akakihamishia juu, karibu na dari. Mimi ndiye niliyemshikia bisibisi. Kikanyamaza. "Umeona? Kimepona," akasema mume wangu. Tena tukampa fundi soda!

Juni tulipanda Newala kwenye sherehe ya kumtoa mwali, binti wa kaka yangu. Mama yangu tulimpitia Chiwata. Nyumba ya kaka ilijaa wageni, na kwetu mkwe halali nyumba moja na mama mkwe, basi Mama akapewa kitanda cha gari.

Jioni nilisikia harufu humo ndani. Mume wangu akasema mtungi unakaribia kwisha, gesi ikiisha hunuka, nani asiyejua? Nikamwamini... Baridi ya Newala na ukungu wake mnaijua. Mama alifunga madirisha yote.

Alfajiri aliamka ili amchemshie mkwewe chai. Akawasha kiberiti.

Mlio ule siuelezi. Mlango uliruka hadi kwenye mihogo. Mama tulimkuta nje, kanga imemganda mwilini... Tulikodi gari, tukateremka hadi Masasi, tukapitiliza mpaka hospitali ya misheni, Ndanda. Njia nzima mume wangu alikuwa kwenye simu akiwaambia ndugu, "Bibi alisahau kufunga jiko." Mama wa watu hajafika hospitali, ameshahukumiwa!

Siku ya tatu nilikwenda gereji lilikovutwa lile gari, kwa fundi mwingine. Upande wa mtungi haukuungua sana. Akanionyesha mpira wa gesi. Ulikuwa umepasuka, ukafungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. "Mwalimu, gesi ya kupikia ni nzito, hulala chini," akasema. "Nani alipandisha kengele darini?"

Nilimuuliza mume wangu. Hakukana. Ule mpira aliufunga mwenyewe, wiki moja kabla ya safari! Akasema, "Mama Neema, mgonjwa atapona, ya nini kuleta maneno kwa ndugu?" Nikanyamaza. Niliiogopa aibu ya ile bisibisi.

Kesho yake Mama alimwona mkwewe kando ya kitanda. Mikono ya Mama yote ilikuwa kwenye bandeji. Kwa sauti ya kukwaruza akasema, "Mkwe wangu, unisamehe baba. Nimekuchomea gari. Uzee huu..."

Mnajua alijibu nini? "Nimekusamehe, Mama."

Alimsamehe! Na mimi nilisimama palepale, natazama dripu inavyodondoka, mdomo nimeufumba. Ungekuwepo ungenipiga, msomaji? Ungefanya vyema.

Siku ya tisa Mama akafa.

Kwenye arobaini, Chiwata, mbele ya padri na ukoo mzima, nilisimama nikasema yote. Mpira wa baiskeli, kengele, bisibisi. Mume wangu aliondoka kabla ya chakula. Kaka yangu hanisemeshi hadi leo, na simlaumu. Lakini wote walisikia kwamba Mama hakusahau kitu. Yeye tu ndiye ambaye hakusikia.

Wenye magari ya kulala, wenye mitungi jikoni, nawasihi! Kengele ya gesi ya kupikia ikae chini, karibu na sakafu. Ikilia usiwashe kitu, usiite mtu wa kuinyamazisha. Fungua milango, toa watu nje, funga mtungi. Mpira uliopasuka haufungwi, hubadilishwa!

Na kama umekosa, sema wakati mgonjwa angali anasikia. Mimi kila Jumapili naenda kaburini namwambia, "Mama, si wewe. Ni sisi." Namwambia kwa sauti kubwa, hata wapita njia hugeuka... Nimechelewa!