Sanduku la Nyaya

Jumamosi sokoni Manundu, pale Korogwe, mtu hatembei, anasukumwa. Ndivyo Yusuph alivyofikishwa kibandani kwa Shamsia. Mama mmoja mwenye tenga la nyanya alimpiga kikumbo, naye akaangukia masanduku ya bati yaliyopangwa nje, begi lake la mgongoni likafunguka zipu. Vikamwagika vidude vitano vya chuma, chekundu, cha bluu, cha kijani, kila kimoja na kitufe chake juu, pamoja na nyaya zilizosokotana vibaya.

"Kaka, umebeba mabomu?" Shamsia aliuliza, nyundo bado iko mkononi.

"Samahani dada. Ni pedali za gitaa. Nikipiga nazikanyaga, sauti inabadilika."

"Na sanduku langu ulilolikanyaga, nalo limebadilika sauti?"

Yusuph akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza Shamsia. Kilikuwa kicheko cha mtu asiyeficha kitu, au ndivyo alivyodhani.

Kijana alikuwa mrefu, shati la kitenge limepigwa pasi likanyooka, kucha za mkono mmoja ndefu kuliko za mwingine. Shamsia naye alivaa dera la zambarau chini ya koti la ufundi, mtandio ameufunga nyuma ya shingo usije ukashika moto. Mwanamke aliyekuwa akigonga bati mtaa ule alikuwa yeye peke yake. Kazi alifundishwa na marehemu mjomba wake, na wanaume waliomcheka mwanzoni sasa walikuja kwake kununua masanduku ya watoto wao wa bweni.

"Hizi unazibeba hivi hivi?"

"Hivi hivi. Kila nikienda kupiga, nusu saa yote nachomeka nyaya, na mmoja lazima ugome. Nataka kitu nizifunge humo zikiwa zimeshaunganishwa. Nikifika nafungua kifuniko, nakanyaga, basi." Akanyoosha mkono kwenye tranka kubwa la shule. "Kama hili."

"Hilo? Litaingia kwenye buti la gari, juu yake watupe magunia ya mkaa. Unasafiri na nini?"

"Kosta, mara nyingi."

"Basi twende tukapime chini ya siti. Sanduku la kazi linaanzia pale litakapokaa."

Wakaenda stendi. Shamsia akapiga magoti ndani ya Kosta iliyokuwa ikisubiri abiria, utepe wa kupimia mkononi, huku konda akiwauliza wamepoteza nini.

"Tumepoteza akili," Yusuph akamjibu.

Kazi ya siku tatu ilikula miezi miwili, na hakuna aliyeilalamikia. Yusuph alizipanga pedali juu ya ubao mara nyingi ambazo hazikuhitajika. Gitaa linaingia kulia, alieleza, kwanza kwenye pedali ya kupimia nyuzi, halafu ile ya kukwaruza sauti, na ya mwangwi inakaa mwisho.

"Kwa nini mwisho?"

"Mwangwi unakuja baada ya mtu kusema, fundi wangu. Ukiuweka mbele utarudia nini?"

Shamsia alikata plaiwudi, akauinua upande wa nyuma ili mguu ufikie safu ya pili bila kugusa ya kwanza. Chini ya uwazi ule alificha adapta ya umeme. Pedali alizibandika kwa utepe wa kunata, ule wa viatu vya watoto, ili zing'oke zikitakiwa. Kifuniko alikitandika sponji. Nje alizungushia bati jembamba, na mkono wa kubebea hakuuweka katikati, aliuweka pale uzito ulipoangukia. Akamwambia Yusuph alinyanyue kwa kidole kimoja.

"Halielemei popote," Yusuph alisema. "Limetulia kama wewe."

"Mimi usijaribu kuninyanyua kwa kidole."

Jioni simu haikupoa. Umekula, mpenzi? Sijala, nakusubiri. Unanisubiri wakati uko Korogwe na mimi niko Korogwe, si uje? Ndio hayo. Yusuph alimweleza kila kitu isipokuwa habari za ukoo wake. Alizaliwa kambi ya mkonge, baba alishafariki, mama anauza vitumbua. Kila Shamsia alipouliza habari za wajomba na mababa wadogo, mazungumzo yaligeuzwa. Shamsia, Mzigua wa Sindeni mwenye mashangazi wa kumwaga, hakuona kwamba alikuwa anagusa kidonda.

Kisha bendi moja ya Tanga ikampa Yusuph mkataba wa miezi sita Morogoro. Wangempitia Segera Jumapili asubuhi. Shamsia alisema hongera, na ndani akaumia vibaya sana, kwa sababu sanduku la kumwondoa mpenzi wake alikuwa amelitengeneza mwenyewe, kwa mapenzi, mpaka kwenye riveti. Habari ya ndoa Yusuph hakuitaja. Wiki hiyo hiyo baba yake Shamsia, mzee Sadala, akaanguka shambani akaumia mguu, binti akaenda Sindeni kumuuguza.

Ijumaa simu ikaita.

"Mamaa, kifuniko hakifungi. Kiongozi wa bendi kanipa pedali ya sita, imezidi urefu."

"Lete huku. Lakini Yusuph, baba yupo. Njoo kwa heshima."

"Wala usijali."

Alikuja kwa heshima kupita kiasi. Alivaa shati jeupe. Alipanda bodaboda, sanduku jipya amelipakata, na mama yake alikuwa amelifunga doti ya khanga mpya lisiingie vumbi. Basi niambie wewe. Kijana mgeni, msafi, mchana kweupe, anashuka kwenye nyumba yenye binti asiyeolewa, mkononi ana sanduku limefungwa khanga. Nani angeuliza?

Shangazi Mwaija, dada yake mzee Sadala, hakuuliza. Alipiga kigelegele kabla pikipiki haijazimwa.

"Vijana wa siku hizi! Posa hatujaiona, sanduku limetangulia!"

Majirani wakatoka. Sanduku likachukuliwa mikononi mwa Yusuph, likaingizwa ndani, likawekwa mkekani katikati ya wanawake, kama linavyowekwa sanduku la bibi harusi. Yusuph alibaki mlangoni, sauti yake imemezwa na vigelegele.

Shamsia alikuwa jikoni uani anakoroga uji wa mgonjwa. Alisikia vigelegele, akachungulia, akaiona khanga, akamwona Yusuph katika shati jeupe. Mwiko ukamtoka mkononi. Kumbe habari ya kifuniko ilikuwa kisingizio! Kumbe alikuwa ameyapanga haya! Kwa dakika moja nzima Shamsia alikuwa mchumba wa mtu, na hajawahi kuwa na furaha kama ile.

Shangazi akafungua kifuniko.

Wanawake wakasogea kutazama. Shangazi aliingiza vidole viwili, akavuta waya, akauinua watu wauone.

"Hizi ndizo khanga za mwanetu?"

Mzee Sadala, mguu uliofungwa bendeji juu ya kigoda, akamtazama kijana. "Umekuja kwa nini, bwana?"

Yusuph akasogea hatua moja ndani. "Mzee, siyo hivyo. Mimi ni mteja tu. Nimekuja kurekebishiwa sanduku langu."

Mteja tu. Shamsia aliyasikia maneno hayo akiwa mlango wa uani. Alifuta mikono, akapita katikati ya majirani waliokuwa wanatazama chini, akasema kwa sauti kavu, "Mteja, lete kazi."

Aliifanya pale pale mbele yao. Alishusha ubao, akaukaza upya kwa skrubu za kwenye kopo la baba yake kwa kuwa zake alikuwa ameziacha Korogwe. Kifuniko kikafunga. Yusuph alijaribu kumnong'oneza jambo.

"Safari njema, mteja," Shamsia akamkata.

Jioni ile alipigiwa simu mara kumi na moja, hakupokea hata moja. Jumamosi ukaja ujumbe: Nisamehe, nilikosa la kusema. Akaufuta. Baba yake hakugusa chakula siku hiyo wala hakuzungumza na mtu. Kilichomwumiza zaidi ya mguu ni kuchekwa nyumbani kwake.

Jumapili asubuhi Shamsia alikuwa anaweka vyombo vyake sawa alipoliona lile kopo. Akachukua skrubu moja, akaipima kwa kidole. Zilikuwa ndefu. Zitakuwa zimetokeza upande wa chini, pale pale unapopita waya unaotoa umeme ukutani kwenda kwenye adapta. Gari likirushwarushwa barabarani, skrubu itautafuna ule waya. Na sanduku lote ni bati. Yusuph atachomeka, atakanyaga, na kazi itakuwa imekwisha. Katika miaka yote ya kazi hajawahi kufanya kosa hilo, na alijua kwa nini alilifanya: alikuwa anakaza skrubu huku haoni vizuri kwa machozi.

Akapiga. Namba haipatikani. Akapiga tena, hivyo hivyo.

"Si alisema ni mteja?" mzee Sadala aliuliza alipomwona anafunga mtandio haraka haraka, bisibisi mkononi.

"Mteja naye ni mtu, baba."

Bodaboda ilimfikisha Segera roho iko mkononi. Kosta ya bendi ilikuwa imeshafika kutoka Tanga, imesimama na injini inanguruma, wauza machungwa wameizunguka madirishani. Yusuph alikuwa siti ya mbele, sanduku mapajani, macho mekundu.

"Shuka na hilo sanduku," Shamsia alisema.

Alilifungulia chini, kando ya gari, akapiga magoti, akang'oa ubao. Skrubu ilikuwa imeshaanza. Ganda la waya lilichubuka, shaba inaonekana ndani.

"Tazama. Ungekufa jukwaani, Yusuph. Na aliyekuua ningekuwa mimi."

Yusuph aliutazama ule waya. Kisha akachuchumaa mbele yake. "Simu imeisha chaji. Usiku kucha nilikuwa natunga meseji na kufuta. Shamsia, mzee aliponiuliza nimekuja kwa nini, ningesema posa, swali la pili lingekuwa wazee wako wako wapi. Sina mjomba. Sina baba mdogo. Babu aliletwa mkongeni akafia mkongeni. Ningemtuma nani kwenu? Mama na beseni la vitumbua?"

"Baba hakukuuliza una nani." Shamsia aliukata waya uliochubuka, akaunga upya, akaufunga utepe, akarudisha ubao kwa skrubu fupi mbili alizoomba kwa fundi wa pikipiki. "Alikuuliza umekuja kwa nini. Ukanigeuza duka mbele ya watu. Basi. Nimekuja kwa ajili ya skrubu, nimemaliza."

Kosta ikapiga honi. Shamsia akainuka aondoke.

"Niazime simu yako," Yusuph alisema.

Akampigia mzee Sadala, akaweka spika kwa sababu injini ilikuwa inanguruma, na bendi nzima ikatoa vichwa madirishani.

"Shikamoo mzee. Ni Yusuph, yule wa sanduku."

"Marahaba. Yule mteja."

"Nilisema uongo, mzee. Mimi si mteja. Nampenda Shamsia na nataka kumwoa. Niliogopa kwa sababu sina wa kumtuma. Babu aliletwa mkongeni, na ukoo wangu ni mimi na mama."

Wauza machungwa nao wakasogea kusikiliza.

"Babu yako walimtoa wapi?"

"Tabora, mzee. Alikuwa Mnyamwezi."

Ikasikika sauti ya ajabu, Shamsia akadhani baba yake ameumia tena mguu. Mzee alikuwa anacheka.

"Mnyamwezi! Mwaija, njoo usikie! Ni mtani huyu! Siku mbili sili, nadhani nimetukanwa, kumbe mtani kaniletea sanduku la nyaya!"

Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Jambo ambalo likifanywa na mwingine ni matusi, likifanywa na mtani watu wanacheka na kumtoza faini. Mzee Sadala alikuwa amepata njia ya kuinua kichwa mbele ya majirani, na aliishika kwa mikono miwili.

"Sikiliza, mtani. Faini yako jogoo. Na wa kumtuma asikusumbue, hapa Sindeni yupo Mnyamwezi mwenzako, mzee Kasmiri, tumetukanana miaka thelathini. Atakusimamia kama mtoto wake. Lakini uje! Miezi sita ni sita."

"Nitakuja, mzee."

Yusuph akarudisha simu, uso umejaa furaha, akataka kumshika mkono. Shamsia akaurudisha nyuma.

"Baba ndiye mtani wako. Mimi siyo."

"Bado umekasirika?"

"Sana."

"Nifanye nini, mpenzi wangu?"

Shamsia alilifunga sanduku, akalinyanyua, akamkabidhi. "Siku ya kuja, shangazi atalifungua sanduku mbele ya watu wote tena. Safari hiyo nataka lijae."

Honi ikalia tena. Yusuph akapanda, akalisukuma sanduku chini ya siti, likaingia bila kugusa popote. Kosta ikashika njia ya Chalinze huku yeye amejitokeza dirishani nusu mwili, anapunga mpaka konda akamvuta shati.

Shamsia alibaki ukingoni mwa barabara, skrubu ndefu mbili ziko kiganjani, analia wala hajifichi. Mama mmoja muuza machungwa akamsogelea, akamshika bega.

"Pole mwanangu. Umefiwa?"

"Hapana mama," Shamsia alisema. "Nimeposwa."