Kichwa cha Mwisho

Umeme ulikuwa umekatwa tangu asubuhi, lakini mashine ya kukaushia nywele ilikuwa ya moto. Mkono Mwepesi aliigusa alipokuwa akiivuta kuelekea mlangoni, akajiambia ni jua. Jua lenyewe halikuwa limefika upande ule wa saluni.

Mkono Mwepesi ndilo jina walilompa wateja, na alilistahili. Watoto walisinzia chini ya vidole vyake. Ila siku hizi watu wanaagiza mawigi kwa simu, yanaletwa hadi mlangoni, na kiti chake kilikuwa kikishinda kitupu. Basi leo anaifunga saluni moja kwa moja. Moyo ulimuuma, lakini alikuwa ameapa kutolia mbele ya seremala.

Seremala alikuja kubandua kioo kikubwa cha ukutani. Mtu wa mizaha, ndevu zimemfika kifuani. Alipoingia tu akajitupa kwenye kiti cheusi kilichotazamana na kioo.

"Haya dada, nisuke na mimi, nikamtishe mke wangu."

"Toka hapo, fundi," alisema Mkono Mwepesi, wala hakucheka.

Shangazi aliyemwachia saluni alimwachia na sharti: "Kichwa kikishakaa kwenye kiti hiki, kimalize. Usipokimaliza wewe, yupo atakayekimaliza." Miaka yote alilishika, hata siku aliyoletewa habari za msiba alisuka machozi yakimdondoka. Aliona ni namna tu ya shangazi ya kuwabana wanafunzi wavivu. Na seremala hakuwa mteja. Alikuwa anatania tu.

Seremala akainuka, na binti wa pekee wa Mkono Mwepesi akaketi. "Mama, nisuke. Nataka niwe kichwa cha mwisho."

Alisuka taratibu, bisibisi ya seremala ikikwaruza mbele yao. Alikuwa amefika nusu ya kichwa seremala alipoita, "Dada, shika huku, kinaanguka." Akaziachia nywele, akashika kioo. Wakakitoa nje pamoja, wakakilaza kwenye pikapu, seremala akabaki akikifunga kamba.

Aliporudi mlangoni, harufu ya nywele zilizoungua ilimpiga puani. Binti alikuwa ameketi vilevile, ameelekea ukuta mtupu wenye matundu ya skrubu.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "mbona mkono wako mzito leo?"

Mkono Mwepesi alikuwa bado kizingitini. Nyuma ya kiti hapakuwa na mtu. Nywele za mwanawe zilikuwa zikijigawa zenyewe hewani, zikipishana, zikikazwa, na mtu asiyeonekana alikuwa akiimba puani, kama wafanyavyo wasusi kazi ikiwanogea.

"Mwanangu, usigeuke."

"Mama? Nani yuko nyuma yangu?"

Hapo nywele zikavutwa kwa nguvu hata kichwa kikaanguka nyuma, ngozi ya paji ikanyanyuka, kope zikakataa kufumba, damu ikachuruzika kutoka kwenye mstari wa nywele na kujaa machoni, na Mkono Mwepesi aliporuka kumshika, kitu kilimpiga kifuani kikamtupa kwenye sinki, akasikia meno yake yakivunjika mdomoni.

"Ulikiacha," ilisema sauti, kavu, karibu na sikio lake.

Aliinuka akitema damu. Mashine ya kunyolea ni ya umeme, haikumfaa kitu. Akapapasa droo, akapata wembe.

"Sijakiacha," alisema. "Ninakimaliza."

Akamkalia mwanawe mapajani na kuanza kunyoa, naye yule akasuka, mama akikata huku na yule akikaza kule, vidole vya baridi vikimkwangua viganja hadi nyama, binti akipiga mayowe chini yake, wembe ukiteleza kwa damu ambayo hakujua tena ni ya nani, mpaka msuko wa mwisho ulipokatika na kuanguka sakafuni ukijinyonganyonga, halafu ukatulia.

Wimbo ulinyamaza. Binti alikuwa kipara, amechanika, mzima.

"Ameondoka, Mama?"

"Tulia, mwanangu. Kichwa chako kimekwisha."

Alikuwa akimfuta damu kwa gauni lake ndipo alipoyasikia maneno yake mwenyewe. Chako kimekwisha. Na nani mwingine aliketi leo?

Nje, honi ya pikapu ilianza kulia, ikaendelea bila kukoma.

Alikimbia na wembe mkononi. Seremala alikuwa ameketi nyuma ya usukani, uso umeukandamiza, macho wazi. Ndevu zake zilikuwa zimesukwa hadi ncha, mistari imenyooka, hakuna unywele uliobaki nje. Zimezungushwa shingoni, zikazama ndani ya nyama, na fundo limefungiwa kwenye usukani, safi, kama la fundi mzoefu.

Aliukata msuko, akamwegemeza kitini, akamwita. Hakuitika. Hapo ndipo Mkono Mwepesi alipolia mbele ya seremala.