Matundu kwenye Shati la Baba

Hivi umewahi kumwona mtoto anayevuta pumzi kwa mabega? Mabega yanapanda, mbavu zinazama, na kifua kinalia kama filimbi iliyoziba. Ndivyo alivyokuwa Kitinda, mtoto wa miaka minne, katika nyumba ya mwisho kabla ya msitu.

Dada yake alikuwa darasa la sita. Walimwita Karani, maana penseli haikubanduka nywelini mwake. Kila asubuhi alifuta majivu kwenye mfuniko wa pipa la maji, akamnawisha mdogo wake, kisha akaenda shule. Msitu ulikuwa unaungua kwa siku ya tisa. Nguo zilinuka moshi hata kabla hazijakauka kambani, na darasani mwalimu alifundisha huku akijifuta macho.

Watu wazima walisema watoto wanakohoa kwa sababu ya baridi. Baridi gani, Karani alijiuliza, na wasemaji wenyewe wanachuruzika jasho? Mama alimvika Kitinda sweta mbili, shangazi akaongeza ya tatu, mtoto akafanana na mzigo wa mitumba. Ukiwauliza kuhusu moshi, kila mmoja alinyoosha kidole ng'ambo ya mto: ni wale wa kule. Na bado wanaume walikuwa wamepanga kuchoma mashamba yao ya upande wa pili wa kijiji wiki hiyohiyo.

Karani alikasirika hadi chakula kikamshinda, lakini alinyamaza. Yeye ndiye aliyefua shati la baba siku moto ulipoanza. Kwenye mkono wa kulia aliona matundu madogo madogo, ya cheche.

Siku ya kumi, midomo ya Kitinda ilikuwa ya kijivu. Baba alimbeba mbio hadi zahanati, Karani akiwafuata nyuma. Benchi zima lilijaa watoto waliovikwa sweta. Nesi alimvua Kitinda zote tatu, akamwekea kinyago cha dawa puani na mdomoni, kisha akauliza kama kuna mtu anayechoma shamba karibu na kwao.

"Sisi? Hapana, nesi. Moshi huu ni wa ng'ambo," baba alisema.

Karani alizitazama mbavu za mdogo wake zikizama.

"Baba," alisema polepole, "mbona shati lako lina matundu ya cheche?"

Baba aliinama, akautazama mkono wa shati kana kwamba ni wa mtu mwingine. Nesi aliendelea kukishikilia kinyago, hadi ile filimbi kifuani ikapungua na midomo ikarudia rangi yake.

Alasiri, mwenyekiti wa kijiji aliwaita watu kwenye uwanja wa shule. Nesi alikuja na daftari lake la wagonjwa.

"Wiki hii nimepokea watoto thelathini na wanne," alisema. "Moshi una vumbi dogo lisiloonekana kwa macho. Linashuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na hakuna sweta ya kulizuia. Mnawavika watoto sweta na kusingizia baridi ili msiutaje moto. Anayetaka mtoto wake apone, aanze kwa kusema ukweli."

Watu walitazama chini. Fundi baiskeli alikohoa, akaanza tena habari za wale wa ng'ambo. Hapo baba akasimama, na shati lilikuwa lilelile. Karani aliishika penseli yake kwa nguvu.

"Wa ng'ambo waacheni," baba alisema. "Tangu siku ya pili nimekuwa nikitaka kulisema hili, ulimi ukawa mzito. Moto ule niliuwasha mimi. Nilitaka kusafisha kipande cha shamba, upepo ukanizidi. Kesho hakuna anayewasha kitu. Kesho tunabeba majembe, tunakwenda kuuzima, na mimi natangulia."