Sungura wa Injinia

Duka la kuchapa lilikuwa limefurika mpaka mlangoni, na aliyeikwamisha foleni nzima alikuwa mwanaume mmoja tu. Alivaa suti ya kijivu iliyombana kwapani, viatu vyenye ncha kama sindano, na manukato ya kutosha kufukuza mbu wa mtaa mzima. Alitaka kulinganisha tangazo la zamani la vigae na tangazo jipya kwenye skrini moja, basi akawa anayakokota madirisha yake kwa kipanya. Akilivuta moja, linalifunika jingine. Akilipunguza, linabaki dogo kama stempu. Jasho lilimtiririka kama mtu anayepandisha kabati ngazini.

"Kaka, unahama au unapandisha kabati?" aliuliza mchapaji, binti wa gauni la bluu mwenye kalamu nyuma ya sikio.

Watu wakaangua kicheko. Binti akainama, akashikilia kitufe chenye alama ya dirisha, akagusa mshale wa kushoto. Tangazo la kwanza likajipanga nusu ya kushoto, limenyooka. La pili akalipa mshale wa kulia, likakaa upande wake.

"Hilo nilikuwa nalijua," alisema yule mwanaume. "Mimi ni injinia."

"Injinia wa nini? Wa kusukuma?"

"Wa kompyuta, mrembo. Leo nimechoka tu."

Hakuwa injinia wa kitu chochote. Aliuza vigae vya choo kwenye duka lililotazamana na lile la kuchapa, na jina la Injinia alijipachika mwenyewe. Angeweza kusema asante akaenda zake. Lakini watu wa namna hii neno asante huwakwama kooni. Ajabu ni kwamba binti, mwenye akili zake timamu, alimpa namba ya simu.

"Umekula, malkia wangu?" simu ilianza jioni ileile.

"Nimekula. Na wewe kabati limefika juu?"

"Usinicheke bwana."

"Nikuchekee basi?"

Wakapendana. Kila mchana binti alivuka barabara kwenda kumwona. Na kila alipoingia, Injinia alibonyeza kile kitufe cha dirisha pamoja na herufi D, na vyote vilivyokuwa kwenye skrini vikatoweka. Ikabaki picha yake mwenyewe amevaa miwani ya jua, kana kwamba kumwona mara moja hakutoshi. Mwanzoni binti alicheka. Baadaye akawa analia usiku. Mwishowe akampigia simu dada yake.

"Dada, akiniona tu anaficha kila kitu."

"Ana mwanamke mwingine huyo."

"Labda ni siri za kazi."

"Siri za vigae vya choo? Mdogo wangu, usinichekeshe, jino linaniuma. Kesho anakuja kuonana na baba. Jua anachoficha kabla hajavuka kizingiti cha nyumba yetu."

Hapohapo binti akavuka barabara amekaza uso. Duka la vigae lilikuwa na wateja, na bosi alikuwa amesimama kando ya meza ya Injinia.

"Karibu, mpenzi!" Kidole kikaiangukia D.

"Nionyeshe ulichoficha."

"Nimeshafunga, mpenzi. Hakipo tena."

Na masikini aliamini hivyo! Wiki zote zile alijificha nyuma ya pazia huku miguu iko nje. Binti akanyoosha mkono, akabonyeza vitufe vilevile mara ya pili, na kila kitu kikarudi mahali pake.

Hapakuwa na mwanamke. Palikuwa na sungura aliyevaa suruali nyekundu, katika video ya kuwafundisha watoto kompyuta. Binti akaiwasha.

"Sasa bonyeza mshale wa kushoto, mtoto hodari!" sungura akapaza sauti, duka zima likasikia.

"Injinia!" bosi alisema, kisha akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.

"Nimelia kwa ajili ya sungura?" binti aliuliza.

"Nilitaka nijue kabla hujajua kwamba sijui."

"Na hata sungura hujamwelewa. Bado uko somo la pili!"

Akaelekea mlangoni. Alikuwa na haki ya kwenda moja kwa moja, na ningekuwa baba yake ningemfungulia mlango. Ndipo yule mwanaume akasimama, uso umemshuka kwa aibu.

"Sijui," alisema. "Mimi si injinia. Hata madirisha mawili kuyaweka pamoja sijui. Nifundishe."

Binti akasimama. "Sema tena. Wale wa kule nyuma hawajasikia."

Akasema tena, kwa sauti kubwa. Mteja mmoja akapiga makofi.

"Kaa," binti alisema, akivuta kiti. "Toa mkono kwenye kipanya, hicho si usukani. Shika hapa. Mshale." Sungura akarukia nusu ya kushoto.

"Na kulia tuweke nini, mpenzi?"

"Tuache wazi kwanza. Kesho tutaona."

Kesho yake, nyumbani kwa kina binti, suti ilikuwa ileile, lakini manukato yalipungua. Mama alikuwa akimimina chai, na dada mtu ameshika shavu. Baba akamtazama mgeni kuanzia kwenye ncha za viatu mpaka juu.

"Kijana, unafanya kazi gani?"

Injinia akafungua kinywa. Akamtazama binti. Binti akamtazama pia, bila kupepesa.

"Nauza vigae, mzee," akasema. "Vya choo."

"Afadhali," baba akajibu. "Vya kwetu vimepasuka."