Walisema Naroga, Kumbe Choo Kinavuja Ukutani!

Nina miaka arobaini na mmoja, sina mume, na huruma ya mtu siitaki! Nawaandikia, wasomaji wenzangu, kwa sababu nimechoka kusikia watu wa Lushoto wakinong'ona kuwa mimi ndiye yule mke aliyemroga mkwewe. Leo nasema mwenyewe. Na kosa langu nitalisema pia, maana lipo.

Niliolewa na Hamza nikitokea Mgwashi. Baba yangu, tate kwa Kishambaa chetu, alikuwa fundi bomba, na mimi ndiye niliyekuwa namshikia spana tangu nikiwa darasa la tatu. Hamza alikuwa akipeleka kabichi na karoti Dar es Salaam. Ilipoingia miaka ile ya ruksa, vitu vya nje vikamwagika madukani, naye akanogewa. Siku moja akarudi na choo cha kukaa ambacho tangi lake linafichwa ndani ya ukuta... Ukiingia unaona kitufe tu!

Aliyekifunga ni kaka yake, shemeji Omari. Kwa mabomba ya chuma alikuwa hodari, simkatalii. Lakini maungio ya tangi lile yalikuwa ya plastiki. Nilipowapelekea chai nilimkuta anazungushia nyuzi za katani, anapaka rangi, kisha anakaza kwa spana kubwa mpaka nati inalia. Jamani! Katani na rangi ni za chuma. Plastiki unaiwekea washa yake ya mpira, unakaza kwa mkono, basi.

Nilijua! Lakini mimi, mke wa mdogo wake, nimwambie shemeji amekosea mbele ya mume wangu? Kwetu hiyo ni kumvua mtu nguo. Nikaweka chai chini, nikatoka. Hilo ndilo kosa langu. Wakaziba ukuta, wakabandika marumaru za bluu, na mtaa mzima ukaja kushangaa choo kisicho na tangi.

Haukupita muda, ukuta wa chumba cha mama mkwe, kilichopakana na choo, ukaanza kulowa. Tena pale pale kichwani pa kitanda chake! Kilikuwa kiangazi, mvua hakuna. Wakapanda kukagua paa, bati zima. Blanketi likawa linalowa, kifua kikambana mama wa watu, akawa anakohoa mpaka anashika ukuta. Maji yanatoka wapi? Jibu wakalipata haraka... kwa mke wa Hamza, asiye na mtoto mwaka wa saba!

Nilimwambia Hamza faraghani kuwa ni maungio, tuvunje tutazame. Akafoka. Marumaru zake za nje nizivunje mimi? Akanikataza kulirudia neno hilo mbele ya watu. Nikajikaza kisabuni, nikanyamaza tena. Majirani niliowaamkia shikamoo wakawa wanaitikia wakitazama pembeni. Mnajua uchungu wake?

Mwisho ukoo ukaitana. Wakaniambia nishike Msahafu niape kuwa simrogi mama, la sivyo talaka yangu iandikwe siku hiyo hiyo. Hamza alikuwepo. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Maji yalinifika shingoni! Nikainuka, nikachukua nyundo na tindo.

"Nitaapa," nikawaambia, "lakini kwanza twendeni chooni!"

Hamza akanizibia mlango. Mama mkwe, anakohoa, ameegemea fimbo, akamwambia, "Mpishe."

Niligonga marumaru ya kwanza, ya pili, ya tatu... Nyuma yake udongo ulikuwa uji mtupu. Katani imeoza, nati imepasuka, maji yanachuruzika yakielekea chumbani kwa mama. Nikafunga koki, nikafungua ile nati mbovu. Nati nyingine na washa zilikuwa kwenye boksi lililokuja na choo, halijaguswa! Nikafuta, nikaweka washa, nikakaza kwa mkono. Nikafungua koki, nikapitisha ncha ya kanga yangu kwenye maungio. Kavu! Nikawapa waishike wenyewe.

Hapo shemeji Omari akashindwa kuvumilia. "Hamza, si nilikwambia siku ile ile kuwa panatoa jasho? Ukasema nizibe tu, wageni wako wanakuja kukiona!"

Kumbe mume wangu alijua! Alimwona mama yake akikohoa, akanisikia nikiitwa mchawi, akanyamaza kwa ajili ya marumaru...

Talaka niliidai mwenyewe. Nililia, sikatai, lakini nililia nikiwa kwetu. Hamza akatuma wazee mara mbili, nikawapa chai na kuwarudisha. Kisha akaja mama mkwe mwenyewe, kwa miguu yake, akanishika mikono.

"Mwanangu, nilikudhania mabaya. Nisamehe."

Nilimsamehe. Akauliza kama nitarudi. Nikamwambia, "Mama, wewe nitakuja kukuona. Kwa Hamza, hapana!"

Leo mimi ni fundi bomba, naitwa mpaka Bumbuli. Wapo wanaonicheka eti mwanamke kashika spana. Wacheke!

Dada zangu, nawasihi, msipite njia yangu. Ukiona kosa, liseme siku hiyo hiyo, hata kama anayekosea ni shemeji, ni mume, ni nani. Mimi nilinyamaza kwa heshima, na mama wa watu akalala kwenye maji. Semeni! Wakikasirika, waacheni wakasirike.